Meseji moja ya nje inakatwa mara tatu. Nani anakula kredo yangu?

#1 BintiKariokor, Jumatatu usiku
Wadau, salamu. Nina shangazi yuko Edmonton, Canada, anatunza wazee kwenye makao fulani. Kazini haruhusiwi kushika simu ovyo, na simu yenyewe ni kabambe ya vibonye. Kwa hiyo mimi na yeye ni SMS tu, tafadhali msinianzie na WhatsApp. Bei ya meseji ya nje naijua, iko kwenye jedwali la mtandao wangu (siutaji, nisije nikafungiwa uzi). Shida ni kwamba meseji moja inakatwa kama tatu. Si kila mara. Nikimwandikia "tumefika salama" nakatwa moja. Mama akinitajia maneno yake marefu, tatu. Halafu kuna siku sijatuma chochote na kredo inapungua kiasi cha meseji moja ya nje kamili. Nani anakula pesa yangu, na nitamzuia vipi?

#2 KimboGithurai
WhatsApp.

(nimetoroka)

#3 NyarNyakach
Hakuna siri hapo, ni wizi wa kawaida. Wanajua ukikatwa shilingi chache hutapanda matatu mpaka ofisini kwao kuzidai. Nauli pekee inazidi pesa yenyewe.

#4 HesabuKali
Kabla ya kuita wizi tukumbuke kodi. Ushuru wa kredo ni 20%, ongeza VAT 16%. Ndiyo maana kila kitu cha simu Kenya kinauma.

#5 WakiliWaKona
@HesabuKali umebaki nyuma. 20% iliwekwa 2021. Sheria ya Fedha ya 2023 iliirudisha 15%. Na hata ingekuwa 20%, bei iliyo kwenye jedwali kwa kawaida ina kodi ndani tayari. Kodi haiwezi kugeuza moja ikawa tatu.

#6 HesabuKali
Sawa, 15. Bado inauma.

#7 MzeeWaPosta
Binti, hujambo. Swali la kwanza: namba ya shangazi umeihifadhi vipi? Iandike kwa alama ya jumlisha, +1 kisha namba. Vijana wengi siku hizi hawajui kwamba namba ya kutokea Kenya kwenda nje ni 000, wanaandika 00 waliyoiona kwenye kadi ya biashara ya Mzungu, meseji inazurura. Majirani zetu tulikuwa na njia yao: 006 Uganda, 007 Tanzania. Hizo ni za kupiga simu, si za meseji.

#8 MbongoWaSouthB
Kweli mzee, na sisi kutoka Dar tunapiga Kenya kwa 005. Nilidhani ni mimi tu ninayeikumbuka.

#9 FundiLuthuli
Dada @BintiKariokor, achana na kodi. Bandika hapa meseji yenyewe iliyokatwa tatu. Usiiandike upya, inakili kama ilivyo kwenye simu. Unatumia simu gani?

#10 BintiKariokor
iPhone, ex-UK (mtumba wa Uingereza). Hii hapa, ya wiki iliyopita, maneno ni ya mama:

"Shangazi habari za huko. Mama ametoka hospitali, anaendelea vizuri. Ng’ombe tumeuza, karo imelipwa. Tutaongea Jumapili ukitoka kazini. Mungu awe nawe 🙏"

#11 MamaLori
Pole na mgonjwa, dada.

#12 KimboGithurai
Ex-UK! Jibu si hilo hapo? Simu bado ina kituo cha ujumbe cha Uingereza, ile mitambo ya mtandao inayopokea meseji na kuzipeleka. Meseji inapita London kwanza ndipo iende Canada.

#13 FundiLuthuli
@KimboGithurai hapana buda. Namba ya kituo cha ujumbe inakaa kwenye laini, haikai kwenye simu. Ukitia laini ya Kenya kwenye simu ya popote, kituo ni cha mtandao wa laini yako. Hiyo ex-UK haina kosa lolote.

Sasa tuhesabu. Meseji moja inabeba baiti 140 (baiti moja ni biti 8), basi. Ukiandika kwa herufi za kawaida za a mpaka z, tarakimu na alama za kila siku, kila herufi inabanwa ikachukua biti 7, zinaingia 160. Ukiweka herufi moja tu isiyo kwenye orodha ya zamani ya herufi za SMS, simu inabadilisha ujumbe MZIMA uwe Unicode (mfumo wa herufi za lugha zote), kila herufi biti 16, zinaingia 70. Na ujumbe ukikatwa vipande, kila kipande kinaacha nafasi ya kujulisha mwenzake "mimi ni wa pili kati ya watatu", kwa hiyo kipande cha kawaida kinabaki na 153 na cha Unicode kinabaki na 67.

Meseji ya mama: nimehesabu 149 bila ile mikono ya maombi, na nafasi kabla yake ni 150. Mikono inahesabiwa kama mbili. Jumla 152. Kwa mpango wa 67, hivyo ni vipande vitatu. Mtandao unalipisha kwa kipande. Kwenye skrini yako na ya shangazi inaonekana moja kwa sababu simu inaviunga tena. Ungeiacha bila emoji ingekuwa moja.

#14 KimboGithurai
Kwa hivyo maombi yanalipiwa. Sawa, hilo kanisani kwetu linajulikana.

#15 NyarNyakach
😂😂 (mtandao utanilipisha sita hapa)

#16 BintiKariokor, Jumanne asubuhi
Fundi asante, lakini haijaisha. Jana usiku nimetuma tena meseji ileile, nimeondoa mikono. Nimekatwa tatu vilevile. Mimi nasema kuna kitu kingine.

#17 NyarNyakach
Si nilisema. #3.

#18 FundiLuthuli
Hebu nijibu: hiyo "Ng’ombe" uliiandika wapi? Moja kwa moja kwenye meseji?

#19 BintiKariokor
Hapana. Mama akitaja maneno naandika kwanza kwenye Notes, akikubali ndiyo nanakili napeleka kwenye meseji. Hapendi kitu kiende kabla hajasomewa.

#20 FundiLuthuli
Basi ni ng’ombe.

Angalia kwa karibu kile kialama baada ya Ng. Kimepinda kama koma iliyopandishwa juu. Kile kilichonyooka, cha kawaida, kipo kwenye orodha ya herufi za SMS. Kilichopinda hakipo. Notes na Word zinakipinda zenyewe ili maandishi yapendeze, na ukinakili kinakuja hivyohivyo. Kwa hiyo hata bila emoji ujumbe wako ulikuwa bado Unicode, herufi 149, vipande vitatu. Futa kile kialama ukiandike upya ndani ya meseji, au uzime marekebisho ya alama kwenye mipangilio ya kibodi. Utakatwa moja.

Tena sisi wa Kiswahili tunaumia kuliko Mzungu: ng'ombe, ng'ambo, ng'oa, kung'ang'ania. Unaandika habari za ng'ambo kwenda ng'ambo na kialama chenyewe ndicho kinachokufilisi.

#21 WakiliWaKona
Hii sikuijua. Nimejaribu sasa hivi na kabambe ya mlinzi wetu, ina kihesabio pale juu. Kwa herufi za kawaida kinaanza 160. Nimetia emoji moja kikaruka mpaka sitini na kitu. Hizi simu kubwa zinaficha kihesabio, ndiyo maana hatuoni.

#22 ShambaLimuru
Ngoja kidogo. Mimi namwandikia cucu (bibi yangu) Kigĩkũyũ, na kibodi yangu inaweka ĩ na ũ zenye vimkia juu. Mnaniambia kila "nĩ wega mũno" ni Unicode?

#23 FundiLuthuli
Ndiyo mkuu. Orodha ya SMS ilitengenezwa Ulaya. Ina é, ñ, ö na ü, ina mpaka herufi kubwa za Kigiriki. ĩ na ũ hazimo. Kigĩkũyũ, Kikamba, Kimeru, wote mnalipa kwa 70.

#24 NyarNyakach
Dholuo hatuna vimkia. Nafuu kwetu 😎

#25 ShambaLimuru
Na "ng'ato" mnaiandika na nini? Kijiti kilekile cha ng'ombe. Karibu kwenye foleni.

#26 NyarNyakach
Nimenyamaza.

#27 MamaLori
Kwenye Android yangu, programu ya Google Messages ina swichi ya "herufi rahisi" kule kwenye mipangilio ya ndani. Mwanangu aliniwashia. Inageuza hizo alama za ajabu kuwa za kawaida kabla ya kutuma. Sijui kama ng'ombe inamwacha mzima, ila bili ilitulia.

#28 MzeeWaPosta
Mnaoshangaa 160 ilitoka wapi: kuna Mjerumani, Friedhelm Hillebrand, mwaka 1985. Alikaa na taipureta yake akiandika sentensi na maswali ya kila siku, akihesabu herufi na nafasi, akaona karibu zote zinaishia chini ya 160. Meseji ya kwanza kabisa ilitumwa tarehe 3 Desemba 1992 Uingereza, na kijana mhandisi aitwaye Neil Papworth, akiwa kwenye kompyuta, ikasema "Merry Christmas". Wakati huo sisi tuko Posta na Simu tunapambana na nyaya zilizoibwa. Shirika likaja kugawanywa 1999, mimi nikabaki upande wa Telkom.

#29 KimboGithurai
Mzee tuliuliza bei, tumepewa historia na pensheni.

#30 MzeeWaPosta
Pensheni sikuitaja, maana haijafika.

#31 KijanaWaEastleigh
Turudi kwa dada. Vipande vinaeleza zile tatu. Havielezi siku ambazo hajatuma kitu na bado anakatwa. Hapo nina maoni.

iPhone ikiwashwa iMessage na FaceTime (meseji na simu za intaneti za Apple), inatuma SMS ya siri kwenda nje kujisajili, mara nyingi namba ya Uingereza, +44. Huioni kwenye orodha ya ulizotuma. Apple wenyewe wameandika kwamba mtandao wako unaweza kukulipisha kwa hiyo SMS, na simu huleta hata kidirisha cha onyo, ila watu wanagusa OK bila kusoma. Inaweza kujirudia ukibadilisha laini, ukisasisha mfumo au ukiifuta simu upya. Hapa Eastleigh watu wanachomoa na kuchomeka laini kutwa nzima: hii ya bando, hii ya Dubai, hii ya kupokea pesa. Kila ukichomeka, kuna uwezekano inajisajili upya.

@BintiKariokor unabadilisha laini?

#32 BintiKariokor
Ndiyo. Nina laini ya bando la wikendi, ya simu naichomoa. Simu ina nafasi moja.

#33 KijanaWaEastleigh
Nimemaliza. Zima iMessage na FaceTime zote mbili. Au ukizihitaji, zitumie kwa baruapepe badala ya namba ya simu. Na ukibaki na iMessage, zima ile swichi ya kutuma kama ujumbe wa kawaida iMessage ikishindikana. Hiyo ndiyo imewaumiza wengi: unadhani unaandikia binamu wa Texas kwa intaneti, bando limeisha, simu inageuza kimyakimya kuwa SMS ya nje. Rangi inabadilika kutoka buluu kuwa kijani, nani anaangalia rangi?

Android za RCS (meseji zinazopita kwenye intaneti) nazo ziko hivyohivyo, kuna swichi ya kutuma tena kama SMS ujumbe ukikwama.

#34 WakiliWaKona
Lakini shangazi ana kabambe. iMessage haihusiki.

#35 KijanaWaEastleigh
Shangazi hahusiki kweli. Kinachojisajili ni simu ya binti, hata asipomwandikia mtu.

#36 DadaWaUmojaTwo
Mimi sikubaliani. Hiyo ni huduma ya namba fupi. Uliwahi kujiunga na nyota, mistari ya Biblia, bahati nasibu, au mtoto amebonyeza kitu. Wanakata polepole. Kwa wenye laini ya Safaricom, piga *456*9*5# uone uliyojisajili na ujiondoe.

#37 FundiLuthuli
Namba fupi ni kweli zipo, ila kiasi hakilingani. Yeye anasema inakatwa bei ya meseji MOJA ya nje, kamili. Huduma za nyota zina bei zao.

#38 DadaWaUmojaTwo
Inaweza kuwa sadfa.

#39 HesabuKali
Au programu yenye virusi. Kuna moja iliitwa Joker, iligunduliwa 2017, inajificha kwenye programu za wallpaper na za kamera, inatuma SMS za kulipia na kukuunganisha na huduma bila wewe kujua. Google walisema Januari 2020 kwamba walikuwa wameondoa programu 1,700 za ukoo huo kwenye duka lao. Nashukuru kwa kusahihishwa kodi, hii nina uhakika nayo.

#40 KijanaWaEastleigh
Uko sahihi, ila Joker ni ya Android. Yeye ana iPhone.

#41 HesabuKali
Leo si siku yangu.

#42 FundiLuthuli
Usikate tamaa, itawafaa wengine. Wenye Android, nenda mipangilio, programu, ruhusa maalum, utafute SMS za kulipia. Tangu Android 4.2, mwaka 2012, programu ikitaka kutuma SMS kwa namba fupi ya kulipia lazima simu ikuulize. Ukikuta tochi ina ruhusa ya kutuma SMS, jiulize tochi inamwandikia nani.

#43 DerevaWaNamanga
Nimesoma wote. Mbona hamjataja mpaka? Mimi niko Namanga kila wiki. Ukifika pale petroli stesheni, simu inashika mnara wa Tanzania ukiwa bado umesimama Kenya. Ukituma meseji ya nyumbani Kitengela unalipishwa kama uko nchi ya kigeni. Dawa: ingia kwenye mipangilio ya mtandao, ondoa "chagua yenyewe", uchague mtandao wako kwa mkono. Na kupokea meseji mimi sijawahi kukatwa, ni kutuma tu. Taveta vilevile, Lungalunga vilevile.

Jambo la pili, ukiwa ng'ambo andika namba kwa +254. Yetu inaanza 07, ya Tanzania inaanza 07, ya Uganda 07, tena zote tarakimu kumi. Ukituma kwa 07 ukiwa Arusha meseji inaenda kwa Mtanzania.

#44 FundiLuthuli
La pili si sahihi kwa meseji, dereva. Ukipiga SIMU kwa 07 ukiwa Arusha, mtandao wa kule ndio unaosoma namba, utampata Mtanzania. Meseji inarudi kwanza kwenye kituo cha mtandao wa nyumbani, kinasoma 07 kama ya Kenya. Lakini zoea lako la +254 ni zuri, liendelee.

#45 DerevaWaNamanga
Kumbe ndiyo maana mke wangu alipata meseji lakini simu ikapokelewa na mzee wa Moshi. Tukaongea naye bei ya vitunguu.

#46 MbongoWaSouthB
Si walisema Afrika Mashariki ni mtandao mmoja sasa? Nakumbuka matangazo.

#47 WakiliWaKona
Kuna vitu viwili unachanganya. Mwaka 2006 Celtel walikuwa na One Network yao, Kenya, Uganda na Tanzania, kampuni moja kwa wateja wake. Halafu 2014 serikali za Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zikakubaliana kupunguza gharama za simu kati yao, na kupokea simu ukiwa kwa jirani kukawa bure. Tanzania haikuingia mwanzoni. Na msukumo ulikuwa kwenye kupiga simu. Usisafiri ukidhani meseji imo mpaka uulize mtandao wako.

#48 MswahiliHamburg
Huku Ulaya tumetatua. Gharama za kutumia laini ukiwa nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya ziliondolewa tarehe 15 Juni 2017. Kenya ijifunze.

#49 WakiliWaKona
Hilo ni la kusafiri na laini yako. Swali la uzi huu ni kukaa nyumbani na kutuma nje. Ukiwa Hamburg ukimwandikia mtu Ufaransa?

#50 MswahiliHamburg
Hiyo nayo iliwekewa kikomo 15 Mei 2019: senti 6 za yuro kwa meseji kabla ya VAT, ndani ya Umoja.

#51 WakiliWaKona
Na ukimwandikia mama Nairobi?

#52 MswahiliHamburg
Hapo wananikamua kama kawaida.

#53 KimboGithurai
Asante kwa kututembelea.

#54 ShambaLimuru
Mimi natuma SMS kupitia Signal, ile programu ya ujumbe, iko salama na nafuu.

#55 KijanaWaEastleigh
Signal walitangaza Oktoba 2022 kwamba wanaondoa SMS kwenye Android, na mojawapo ya sababu walizotoa ni hii hii tunayoijadili: watu walikuwa wanatuma SMS wakidhani ni ujumbe wa Signal, bili inakuja. Au simu yako haijasasishwa tangu zamani, au unatuma ujumbe wa Signal wa kawaida.

#56 ShambaLimuru
Ngoja nikaangalie.

#57 DadaWaUmojaTwo
Kuna njia ya bure niliitumia miaka ile. Unatuma baruapepe kwa namba ya mtu, mfano wa AT&T ilikuwa namba@txt.att.net, yeye anapokea kama SMS. Hulipi chochote.

#58 FundiLuthuli
AT&T waliifunga Juni 2025. Na hiyo ni ya Marekani, shangazi yuko Canada.

#59 DadaWaUmojaTwo
Si wote ni +1?

#60 FundiLuthuli
Wote +1, na Jamaica pia ni +1, 876. Ndiyo maana ukiona simu imelia mara moja ikakatika kutoka +1 usiyoijua, usirudishe. Unaweza kudhani unampigia mjomba wa Dallas kumbe umepiga kisiwa cha Karibea, na kuna mtu anakula mgao wa hizo dakika.

#61 MamaLori
Mimi nina kesi, naomba mnisaidie. Nina lori moja linabeba saruji kwenda Uganda. Nimefungiwa kifaa cha kufuatilia gari hapa mjini. Laini ndani ya kifaa naiwekea kredo mwenyewe. Gari likiwa Nairobi kredo inakaa mwezi. Likifika Malaba inaisha usiku mmoja. Dereva anasema hakugusa kitu.

#62 FundiLuthuli
Mama, hii nimeiona mara nyingi hapa dukani. Kifaa kimewekwa kikutumie SMS kila kitu kikitokea: injini ikizimwa, ikiwashwa, gari likitikisika, umeme wa betri ukishuka. Foleni ya Malaba gari linawashwa, linasogea kidogo, linazimwa, usiku kucha. Na laini imeshashika mnara wa Uganda, kwa hiyo kila taarifa inatoka kwa bei ya nje ya nchi. Dereva hana kosa.

Mambo mawili. Mwambie aliyekufungia azime taarifa za SMS, kifaa kitume mahali gari lilipo kwa data pekee, na abakishe SMS ya dharura tu, mfano waya ukikatwa. Pili, pigia mtandao wako wafunge roaming (laini kutumia minara ya nje ya nchi) kwenye laini hiyo. Likiwa Uganda hutaliona mpaka lirudi, lakini vifaa vingi vinahifadhi njia vikaipeleka baadaye. Uamuzi ni wako, kama unataka kuliona usiku Tororo utalipa.

#63 MamaLori
Nataka kuliona. Tororo ndipo mafuta hupungua.

#64 DerevaWaNamanga
😂 mama anajua.

#65 MamaLori
Lakini SMS nitazima. Asante mwanangu.

#66 BintiKariokor, Ijumaa jioni
Nimerudi. Ng'ombe ameandikwa upya kwa kijiti kilichonyooka, mikono ya maombi imeondolewa, meseji ya mama imekatwa moja. @FundiLuthuli Mungu akubariki, bure kabisa.

Kuhusu zile za siku ambazo sijatuma, nimeenda kwenye duka la mtandao wangu, wakaniangalizia. Msichana akaniambia anaona SMS zimetoka kwangu kwenda +44. Namba hakunisomea.

#67 KijanaWaEastleigh
+44! Nilisema nini #31?

#68 DadaWaUmojaTwo
Subiri. Una mtu Uingereza?

#69 BintiKariokor
Nina binamu Leeds. Huwa tunaandikiana, lakini kwa iMessage.

#70 KijanaWaEastleigh
Basi ni mojawapo: simu inajisajili, au iMessage ya binamu ilikwama ikaenda kama SMS. Zote mbili dawa ni ileile.

#71 FundiLuthuli
Si lazima. Ya binamu ungeiona kwenye mazungumzo, yenye rangi ya kijani. Panda juu uangalie tarehe.

#72 NyarNyakach
Au duka lilikupa jibu la kukutuliza tu. Bila karatasi hakuna ushahidi. Omba orodha ya matumizi iliyochapishwa, wakikataa peleka lalamiko Mamlaka ya Mawasiliano pale Waiyaki Way.

#73 WakiliWaKona
Mamlaka watakuuliza kwanza kama ulilalamika kwa mtandao wenyewe na ukapewa namba ya lalamiko. Anza hapo, na uitunze hiyo namba.

#74 MzeeWaPosta
Kuna jambo jingine hamjaligusa. Meseji inalipiwa inapofika kwenye kituo, si inapomfikia mtu. Simu ya shangazi ikiwa imezimwa zamu nzima, kituo kinaishika na kujaribu tena na tena mpaka muda wake uishe. Binti akiona "haijafika" akabonyeza kutuma upya, hiyo ni meseji mpya na inalipiwa upya. Asibonyeze, asubiri.

#75 BintiKariokor
Mzee hilo nalifanya sana. Lakini hayo ni ya Canada, si ya +44.

#76 ShambaLimuru
Nimeangalia Signal yangu. Ni ya 2021. Sijui niisasishe au niiache.

#77 KijanaWaEastleigh
Isasishe, mkuu, hata kwa usalama tu. @BintiKariokor tarehe umeangalia?

#78 BintiKariokor
Kuna kijani moja, ya Jumapili. Nyingine sioni.

#79 KijanaWaEastleigh
Na wikendi ndiyo unabadilisha laini.

#80 DadaWaUmojaTwo
Na wikendi ndiyo bando linaisha na iMessage zinakwama. Bado hamjathibitisha.

#81 FundiLuthuli
Zima iMessage wiki mbili, laini ibadilishe kama kawaida, utuletee matokeo. Mama mgonjwa anaendeleaje?

#82 BintiKariokor
Anaendelea vizuri, ameanza kunisahihisha maneno. Jana ameniambia nisiandike "karo imelipwa", niandike imelipwa nusu, shangazi asije akadhani tumetajirika.

#83 KimboGithurai
Mwambieni shangazi anunue simu yenye WhatsApp.

#84 NyarNyakach
Msimamizi, mfungie huyu.